Je, Kusamehe ni Kufuta? Nilichojifunza Kwenye Mkanda wa Volkswagen



Leo nawaletea swali ambalo limeninyima usingizi tangu likizo. Falsafa nimemaliza, mitihani kuhusu ukweli na wema nimeandika ya kutosha, lakini swali hili sikulikuta darasani. Nimelikuta gereji kwa mjomba, Iringa, nikiwa nimevaa ovaroli isiyonitosha, mikono myeusi, mbele yangu kipande cha alumini ambacho hakifiki hata mita moja.

Swali lenyewe ni hili: ukinyoosha kitu kilichobonyea mpaka alama isionekane tena, je, umekitengeneza au umedanganya? Na tukitoka kwenye chuma tukaja kwa watu: mtu aliyekukosea ukimsamehe kweli, je, unatakiwa kufanya kana kwamba jambo lile halikutokea?

Ngoja nianze mwanzo.

Nyumbani tuna Volkswagen ya miaka ya sitini, ile yenye mgongo wa mviringo na injini nyuma. Babu aliinunua ikiwa tayari imetumika, akamwachia baba. Wazee wanaofuatilia mbio za magari watakuambia kwamba gari la aina hii lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962. Duniani yalitengenezwa zaidi ya milioni 21, na la mwisho lilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003. Kwa hiyo si gari la ajabu. Lakini la kwetu ni la kwetu.

Desemba dada yangu anafunga ndoa, na ameomba kitu kimoja tu: apelekwe kanisani na gari la baba. Baba alifariki miaka mitatu iliyopita. Mjomba akasema sawa, injini niachieni mimi, rangi atapiga fundi, Frateri atashughulika na vyuma vya urembo. Yaani bampa, vifuniko vya magurudumu, na ile mikanda inayong'aa ubavuni mwa gari.

Mikanda hiyo ni vipande saba: mmoja katikati ya boneti ya mbele, miwili ubavuni mbele, miwili ya milango, miwili ya nyuma. Imeshikiliwa na klipu ndogo zinazoingia kwenye matundu ya bodi. Ukiichomoa kwa bisibisi na kwa haraka, inapinda palepale. Mjomba alinipa kabari ya mti, akaniambia niende klipu moja moja.

Nikaenda klipu moja moja mpaka nilipofika mlango wa kushoto. Hapo mkono ukasimama.

Katikati ya mkanda wa mlango ule kuna bonyeo. Nalijua bonyeo lile. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa kiti cha nyuma, usiku, tunatoka kwenye sherehe ya ndugu. Baba alikuwa amelewa. Mama alimwomba tulale hukohuko, akakataa. Tulipofika nyumbani akalisugulisha gari kwenye nguzo ya geti, upande aliokaa mama. Kioo kilipasuka. Mama alijeruhiwa shavuni na bega. Baba alishuka, akaangalia mlango kabla ya kumwangalia mama.

Hicho ndicho kitu ambacho sikumsamehe. Si pombe, wala si nguzo. Ni kwamba aliangalia mlango kwanza.

Mlango ulinyooshwa baadaye na kupigwa rangi. Kioo kikabadilishwa. Mkanda ule wa alumini peke yake ulirudishwa vilevile, labda kwa sababu hela ziliisha. Miaka yote iliyofuata, kila nilipopita karibu na gari lile nililitazama bonyeo. Lilikuwa shahidi wangu.

Sasa mjomba anasema: "Hilo bovu, tupa. Tunaagiza seti mpya ya vipande saba." Fundi wa rangi naye anasema: "Mnasumbuka bure. Leteni puti niliziba, nipulizie rangi ya fedha, siku ya harusi nani atajua?" Mimi moyoni nasema: liacheni kama lilivyo. Mama, ambaye alikuja kutuletea chai, akalishika, akapitisha kidole kwenye bonyeo, akasema: "Linyoosheni."

Watu wanne, majibu manne. Nikaona kumbe kila jibu ni msimamo wa kimaadili kuhusu mambo yaliyopita. Hebu tuyapime moja moja.

Jibu la kwanza: tupa, weka jipya

Jibu hili lina nguvu, na wanafalsafa wamelihangaikia muda mrefu. Plutarch anasimulia kwamba Waathene walitunza meli ya Theseus kwa kubadilisha kila ubao uliooza, na watu wenye hekima wakabishana kama bado ni meli ileile. Karne ya 17 Thomas Hobbes akaongeza ugumu: je, mtu akikusanya mbao zote kuukuu akaunda nazo meli nyingine, meli ya Theseus ni ipi?

Kwa gari, ukibadilisha mkanda mmoja, gari ni lilelile, hakuna anayebisha. Lakini angalia tunavyotumia jibu hili kwa watu. Rafiki akikukosea, unamblock, unatafuta rafiki mwingine. Mchumba akiteleza, unabadilisha. Jumuiya ikikuudhi, unahamia nyingine. Hapo hujatengeneza kitu. Umeondoa kilichoharibika mbele ya macho yako, basi. Na kuna watu hawana vipuri. Baba hana kipuri. Mimi siwezi kuagiza baba mwingine asiye na usiku ule.

Jibu la pili: ziba, puliza rangi

Hili ndilo jibu la haraka, na kiukweli ndilo tunalolitumia zaidi.

Mjomba alinifundisha kitu kuhusu bampa. Ile kromu unayoiona inang'aa ni tabaka jembamba mno, jembamba mara nyingi kuliko unywele wako. Chini yake kuna nikeli, na mara nyingi chini ya nikeli kuna shaba. Watu hudhani kromu inaficha makosa. Ni kinyume chake. Kama chuma cha chini kina vishimo vya kutu, kromu itavifuata kishimo kwa kishimo na kuvionyesha kwa kila mtu aliyesimama kwenye jua. Ndiyo maana kazi kubwa ya kupiga kromu hufanyika kabla ya kromu: kuondoa ya zamani, kukwangua kutu, kujaza, kusugua, kusugua tena.

Puti na rangi ya fedha havina adabu hiyo. Vinafunika, na kutu inaendelea na safari yake chini kwa chini. Mtakatifu Thomas wa Akwino anatufundisha kwamba mtu anaweza kusema uongo hata kwa matendo, bila kufungua mdomo. Ukipuliza rangi juu ya kutu ili mtazamaji aamini kwamba chuma ni kizima, umesema uongo kwa kopo la rangi. Na Bwana wetu alikuwa mkali sana kwa makaburi yaliyopakwa chokaa.

Wangapi tumesamehe kwa puti? "Yameisha, tusiyazungumze." Hayajaisha. Yamepuliziwa rangi. Familia nyingi zinakaa mezani pamoja Krismasi juu ya puti, na likitokea neno dogo tu la urithi, linapasuka.

Jibu la tatu: acha bonyeo

Hili lilikuwa langu, na nilikuwa na hoja nzuri za kulitetea. Nilijiambia kwamba ukweli ni kusema kwamba kilichokuwapo kilikuwapo. Bonyeo ni ukweli wa chuma. Kulinyoosha ni kumfanya dada yangu apande gari lenye historia ya uongo. Nikamwambia mama kitu cha namna hiyo, kwa Kiswahili cha darasani.

Mama akaweka chupa ya chai chini. Akaniambia: "Mwanangu, baba yako aliacha pombe miaka sita kabla hajafa. Aliniomba msamaha, nikampa. Kiti kile nilikaa mimi. Wewe ulikaa nyuma. Mbona anayeumwa mpaka leo ni wewe?"

Sikuwa na jibu. Mjomba alijifanya anatafuta spana.

Nilipofikiri usiku ule nikaona kosa katika hoja yangu. Nilisema natetea ukweli, lakini ukweli niliokuwa nautetea ulikuwa nusu. Usiku wa nguzo ni kweli. Miaka sita ya baba kukaa bila kugusa glasi nayo ni kweli. Asubuhi alipopiga magoti jikoni mbele ya mama, nami nikaona kupitia dirishani, ni kweli. Mimi nilichagua kumbukumbu moja nikaipa kazi ya kuhukumu nyingine zote. Shahidi anayeruhusiwa kuongea peke yake mahakamani si shahidi tena, amekuwa hakimu.

Na ukweli nilioukwepa kabisa ni huu: lile deni halikuwa langu pekee. Mama ndiye aliyeumia, na mama ameshasamehe. Mimi nilikuwa nadai kwa niaba yake, bila kutumwa. Ninayo sehemu yangu, maana mtoto aliyekaa nyuma naye aliumia. Ila sehemu yangu nilikuwa sijawahi kuitenga na ya mama.

Jibu la nne: nyoosha

Basi asubuhi nikaanza kunyoosha. Hapa ndipo mikono ilipokifundisha kichwa.

Aristotle anasema vitu vya asili vina chanzo cha badiliko ndani yao vyenyewe, lakini vitu vilivyotengenezwa na fundi havina. Anatoa mfano wa kitanda: ukikifukia ardhini na kikachipua, kitakachochipua ni mti, si kitanda. Ndivyo ilivyo gereji. Ngozi ya shavu la mama ilijifunga yenyewe. Alumini haijifungi yenyewe. Ukiliacha bonyeo miaka kumi na tano, litakukuta palepale. Nami nilidhani muda unaponya. Muda peke yake hauponyi chuma, na siku hizi sina uhakika kama peke yake unaponya moyo. Lazima mtu aje, akae, ashike nyundo.

Kwanza tuliondoa ngozi ya juu. Alumini ya mikanda hii huwekewa kiwandani utando mgumu unaopitisha mwanga, ili isipauke. Utando ukichoka, mkanda unakuwa na mawingu, na hata usugue na nini haung'ai. Tuliuondoa kwa kostiki soda ileile ya kutengenezea sabuni, iliyochanganywa na maji, tukiwa nje, na glovu na miwani. Soda ndiyo inatiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda. Inatoa mapovu na gesi inayoshika moto, kwa hiyo hakuna sigara wala jiko karibu. Dakika chache, kisha unasuuza kwa maji mengi. Mkanda unatoka umefifia, mbaya kuliko ulivyoingia. Nikakumbuka jinsi ungamo la kweli linavyoanza.

Kisha unaulaza kifudifudi juu ya gogo laini na kugonga kutoka nyuma. Unaanza pembeni mwa bonyeo, unazunguka ukielekea katikati, kwa pigo dogo dogo. Mimi nilianza katikati, kwa nguvu. Mjomba akanishika mkono: "Frateri, alumini haipendi hasira." Ilikuwa imechelewa kidogo. Ukiipiga kwa nguvu inatanuka, na ikishatanuka haina pa kurudi. Panabaki wimbi dogo.

Ukimaliza kugonga, unageuza mkanda na kuupaka wino wa kalamu nene upande wa uso, halafu unasugua kwa msasa uliofungwa kwenye kibao. Wino unaobaki unakuonyesha mabonde ambayo jicho halikuyaona. Unarudi nyuma, unagonga tena pale tu penye wino. Nilirudia mara kumi na moja. Kila jioni najipima dhamiri kwa dakika tano nikiwa nimesinzia, nikaona aibu kidogo mbele ya mkanda.

Halafu msasa wa maji: namba 320, 400, 600, 800, 1000. Kila namba kazi yake ni kuondoa mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Ukiruka moja ili uwahi, mkwaruzo wake unajificha mpaka mwisho, na unajitokeza ukishapiga polishi. Mwisho ni gurudumu la kitambaa na polishi. Hapo usikae sehemu moja, na shika kipande vizuri, maana gurudumu likinasa ukingo linakirusha.

Jioni ya siku ya tatu mkanda uling'aa. Niliuinua nikaona uso wangu. Bonyeo halipo. Na hapo swali langu likarudi: je, nimedanganya?

Nikaugeuza.

Upande wa nyuma, ule unaolalia bodi ya gari, alama zote zipo. Kila pigo la nyundo. Ukipitisha kidole unazihesabu, hata zile za mwanzo za hasira. Hakuna anayesugua upande wa nyuma. Mkanda ulionyooka mbele una historia nzima mgongoni.

Hapo nikaelewa tofauti niliyokuwa naitafuta. Puti inasema: "Hapakutokea kitu." Kunyoosha kunasema: "Palitokea, na pamefanyiwa kazi." Uongo ni kutaka mwingine aamini kisicho kweli. Mkanda huu haumwambii mtu chochote kisicho kweli. Unasema chuma chake ni kizima, na ni kizima kweli. Akiniuliza mtu, nitamwambia. Kama gari lingeuzwa, mnunuzi angeambiwa. Lakini sina wajibu wa kumwonyesha kila mpita njia upande wa nyuma. Mtakatifu Thomas huyohuyo anakubali kwamba kunyamaza kwa busara si kusema uongo.

Anauliza pia swali jingine zuri: kwa nini Kristo alifufuka na makovu? Mwili wa utukufu, kwa nini usifufuke bila alama yoyote? Anajibu kwamba ilifaa makovu yabaki, na kwamba hayakuwa upungufu bali utukufu. Tomaso mtume hakuonyeshwa mwili ambao haukuwahi kusulubiwa. Mungu anapofanya jambo kuwa jipya, hafuti kwamba lilitokea. Analichukua na kulipa maana nyingine. Kwa hiyo kusamehe si kusahau, ingawa tunapenda kuimba hivyo mitaani. Kusamehe ni kuacha kuitumia alama kama silaha.

Naomba nisieleweke vibaya hapa, maana najua kuna wasomaji wana bonyeo ambalo bado linapigwa. Mama alimsamehe baba, lakini baada ya usiku ule hakupanda tena gari lile akiwa na sisi mpaka baba alipoacha pombe. Alitembea kwa miguu na watoto wawili, Jumapili kwa Jumapili. Huwezi kunyoosha mkanda gari likiwa bado linagonga nguzo. Kama mtu anakuumiza leo, kwanza toka kwenye gari. Mwambie mtu mzima unayemwamini, mwambie paroko, nenda polisi inapobidi. Msamaha hauhitaji ukae kiti kile.

Na jambo la mwisho. Alumini iliyoondolewa utando wake inang'aa vizuri, lakini haina ngozi. Usipoipaka nta mara kwa mara, inapauka tena. Mjomba alinipa kopo la nta akasema: "Hii sasa ni ya maisha." Nilidhani nitamsamehe baba siku moja, nimalize, niendelee na Teolojia. Nimegundua nitamsamehe tena mwezi ujao, na Desemba nikimwona dada anapanda gari, huenda nikamsamehe mara mbili siku hiyohiyo.

Jana tulirudisha mkanda mlangoni, klipu moja moja. Asubuhi jua likipiga kwa ubavu, lile wimbi dogo la pigo langu la kwanza linaonekana, ukijua pa kutazama. Mjomba akauliza kama niurudie. Mama akasema uachwe. Kisha akafungua mlango wa kushoto, akakaa kiti chake, akafunga mlango, akabaki pale kidogo ameshika mikono mapajani. Mimi nikaenda nikakaa nyuma.

Hatukuongea. Nikasali Salamu Maria moja kwa ajili ya baba, ya kwanza niliyoisali bila kumpa masharti.

Ya kutafakari wiki hii:

1. Kuna bonyeo gani maishani mwangu ninalolitunza kama shahidi? Linamhukumu nani?
2. Je, kuna msamaha niliotoa kwa puti, ambao chini yake kutu inaendelea?
3. Nani katika familia yangu ameshasamehe jambo ambalo mimi bado nalidai kwa niaba yake?

Tuombeane. Na mkimkumbuka marehemu baba yangu kwenye Misa ya Jumapili, nitashukuru.